Pedali Aliyochaguliwa Chediel

Chediel alijua masikio yake yameharibika siku mkewe alipomuuliza kwa nini anaiacha simu iite mpaka inakata. Simu ilikuwa mezani, mbele yake kabisa, karibu na kikombe cha chai. Aliiona inawaka taa. Hakuisikia.

"Imeita?" aliuliza.

"Mara tatu," Eliana alisema. "Nikadhani ni mtu hutaki kuongea naye."

Chediel alikuwa na miaka arobaini na mbili. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa anaendesha mashine ya kukamua alizeti pale Ikungi, kando ya barabara ya Dodoma, kwenye banda la bati lililourudisha mlio wote wa injini kichwani mwake. Hakuwahi kuziba masikio hata siku moja. Wanaume wa mashine hawakuwa na desturi hiyo.

Alikwenda Singida mjini kwa daktari wa masikio. Daktari akamvalisha hedifoni, akamwambia anyanyue kidole kila atakaposikia mlio. Mwanzoni kidole kilinyanyuka vizuri. Baadaye kikatulia juu ya paja, huku akimwona daktari anaendelea kubonyeza.

"Sauti nene unazisikia kama kijana," daktari alisema. "Sauti nyembamba zimekwenda. Ndege, simu, mlio wa herufi s. Hizo hazirudi, mzee wangu. Tulinde zilizobaki."

"Na gitaa?"

Daktari aliangalia karatasi yake. "Gitaa utasikia nusu," alisema.

Chediel alirudi Ikungi akiwa na neno hilo moja tu kichwani. Nusu.

Gitaa alifundishwa na mjomba wake, Mazengo, aliyekuwa fundi wa reli Itigi. Mjomba alikuwa na kanda tatu za bluzi, ule muziki wa majonzi wa Wamarekani weusi, alizoachiwa na fundi mmoja wa kigeni. Alizisikiliza mpaka utepe ukachakaa, kisha akaanza kuzipiga mwenyewe kwa maneno ya Kigogo. Chediel alizichukua kwa mjomba akazitia Kinyaturu na Kiswahili. Aliimba kuhusu mvua iliyochelewa, kuhusu kweleakwelea wanaomaliza uwele kabla mwenye shamba hajaamka, kuhusu mwanamke aliyepanda lori la vitunguu asirudi. Mama mkwe wake aliposikia kwamba mkwe anapiga bluzi aliuliza ni blauzi ya nani, na jambo hilo lilichekwa nyumbani miaka mingi.

Walikuwa watatu. Chediel alipiga gitaa la solo na kuimba. Peniel, fundi seremala, alipiga ngoma. Besi alipiga Nathan, rafiki yake tangu darasa la tano. Kila Jumapili alasiri walipiga Mkiwa, pale njia panda ya Itigi, kwenye ukumbi wa wazi wa mama mmoja aitwaye Felista aliyeuza nyama choma. Madereva wa malori walipanga safari zao ili Jumapili ziwakute hapo.

Habari ya masikio Chediel aliwaambia watu wawili tu. Wa kwanza ni Eliana. Wa pili ni Nathan. Walikuwa wameketi kwenye magunia ya alizeti, injini imezimwa. Nathan alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia, akaipangusa vumbi kwenye goti.

"Peniel anajua?"

"Hajui. Wala Felista. Wakijua watanihurumia, na mtu akishakuhurumia haridhiki tena na unachopiga."

"Basi wasijue," Nathan alisema. "Zile unazozikosa wewe, nitakuwa nakusikilizia mimi. Ikiwa kali nitakwambia. Ikiwa imefifia nitakwambia. Umekosa nini hapo?"

Chediel alicheka, akaona aibu kwa sababu macho yalikuwa yamemlowa. Tangu siku hiyo Nathan alimsaidia kweli. Kabla ya kila onyesho alisimama mbele ya spika, akasikiliza, akaja kugusa kitufe hapa na pale. Chediel hakujiuliza tena kama sauti imekaa sawa.

Mwezi wa tano pedali yake ikafa. Ni kile kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya, ambacho mpigaji hukikanyaga ili sauti ipate mkwaruzo. Alikuwa nayo tangu enzi za mjomba. Ilianguka kutoka kwenye bodaboda, ikakanyagwa na gurudumu, ikaisha. Bila mkwaruzo ule gitaa la Chediel lilibaki kama la kwaya. Zuri, safi, lakini halikusema alichotaka kusema.

Na ilikufa vibaya, kwa sababu wiki hiyohiyo Felista alipokea simu. Kulikuwa na bwana mmoja Dodoma, Damiani, mwenye hoteli, aliyependa muziki huo tangu ujana wake. Alikuwa na bendi yake ya hoteli iliyokosa mpiga solo. Madereva walikuwa wamemwambia kuhusu Mkiwa. Angekuja kusikiliza Jumapili ya tatu.

"Anamtaka mpiga gitaa mmoja," Felista aliwaambia wote watatu. "Besi na ngoma anao. Kwa hiyo mjiandae kumkosa Chediel."

Peniel alimpiga Chediel begani kwa furaha. Nathan alikuwa anakunja waya wa spika. Aliukunja taratibu mpaka mwisho, akasema, "Basi tutafute pedali ya maana."

Jumatatu walikwenda Singida mjini, kwa Klara. Klara alikuwa na duka la vyombo vya muziki karibu na soko, spika na vinanda vya makanisa zaidi ya vingine, na mara chache alipata mizigo ya mitumba kutoka Dar es Salaam. Siku hiyo alikuwa na pedali tatu. Alizipanga juu ya kaunta kama mtu anayepanga nyanya: nyeusi, kijani, njano.

"Unataka sauti gani, kaka?" aliuliza.

Chediel alifikiri. Alitaka kueleza sawasawa, maana alijua asipoeleza atauziwa chochote. "Nikigusa uzi polepole, iwe safi. Nikikaza mkono, ipasuke kidogo. Isipige kelele. Iwe kama mtu anayeongea huku anajizuia kulia."

Klara alitabasamu. "Nyeusi basi tuitoe. Hiyo ni ya vijana wa roki."

Waliijaribu hata hivyo. Ilinguruma kama grinda ya mchomeleaji, na Chediel hakuhitaji masikio ya mtu mwingine kuikataa. Nyeusi ikarudi kwenye kabati.

Ya njano ndiyo iliyofuata. Chediel alipiga uzi wa nne kwa kidole gumba, taratibu, kisha akaukaza. Alihisi kitu. Chini ya mkono wake sauti ilijaa, ikavimba, na alipolegeza kidole ikatulia yenyewe. Alirudia. Alizungusha kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe, akakipunguza, na mkwaruzo ukaondoka bila kuguswa pedali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ya mjomba. Aliinua uso kumtazama Nathan.

Nathan alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Alitikisa kichwa.

"Imefunikwa," alisema. "Kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Huku juu hakuna kitu kabisa."

"Lakini mkononi ni nzuri."

"Mkononi, ndiyo. Wateja hawasikilizi mkono wako."

Klara alifungua mdomo kama anayetaka kusema neno, lakini mteja mwingine aliingia akiulizia maikrofoni, akaenda kumhudumia.

Waliunganisha ya kijani. Kwa Chediel ilikuwa nyembamba, haina nyama. Alikaza mkono, ikakwaruza bila kujaa. Alilegeza, ikaendelea kukwaruza. Hakuipenda. Aliwaza moyoni kwamba asichokipenda labda ni ile nusu asiyoisikia; labda uzuri wake wote uko kule juu ambako yeye haendi tena.

"Hapo sasa!" Nathan alisema. Alikuwa amesogea, ameinama mbele ya amplifaya. "Hapo imefunguka. Ngoja."

Alizungusha kitufe cha trebo, kile cha sauti nyembamba. Alikizungusha mbali, mpaka alama yake ikaelekea pale mshale mfupi unapokaa saa kumi jioni.

"Usikishushe chini ya hapa," alisema. Aliazima tipeksi kwenye meza ya Klara akaweka nukta nyeupe kuonyesha mahali pa kusimama. "Hata gizani utaiona. Chediel, nakwambia, nywele zimenisimama."

Chediel alitazama ya njano kwa mara nyingine. Vidole vyake viliitaka. Lakini alikuwa na karatasi ya daktari nyumbani, na alikuwa na rafiki mbele yake. Alilipia ya kijani.

Jumapili mbili za kwanza hakuona tofauti kubwa, ila watu walikuwa wachache karibu na jukwaa. Alidhani ni jua. Kila wimbo ulipoisha alimtazama Nathan, na Nathan alinyanyua dole gumba.

Damiani alifika Jumapili ya tatu, saa kumi. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa kofia ya pama, akaketi meza ya pili na kuagiza soda. Chediel alianza na wimbo wa kweleakwelea, ule aliotunga mwaka ambao baba yake alikosa hata debe moja la uwele. Aliupiga vizuri. Mikono yake iliujua, na sauti nene zilimfikia zote mahali pake. Alipokaza mkono kwenye ule mpindo wa uzi unaoleta kilio, aliona mwanamke wa meza ya mbele anakunja uso. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mama yake alianza kulia. Aliona mdomo umefunguka, hakumsikia. Dereva mmoja alinyanyua kiti chake, akakipeleka nyuma.

Alimtazama Nathan. Dole gumba.

Damiani alisikiliza nyimbo tatu. Kwenye ya tatu alikuwa amekiweka kiganja kwenye sikio la kushoto, kama mtu anayejikuna. Kisha akasimama, akaweka hela ya soda chini ya chupa, akaenda kwenye gari. Nathan aliitua besi, akamfuata. Waliongea kwa muda mrefu kidogo. Aliporudi alisema, "Amefurahi. Atapiga simu."

Simu haikupigwa. Wiki ya pili Nathan alisema anakwenda Dodoma kumwuguza kaka yake, akaenda. Chediel na Peniel walipiga wawili Jumapili moja, na baada ya hapo Felista alimwita Chediel jikoni.

Felista alikuwa anageuza nyama, hakumtazama usoni. "Kaka Chediel, tupumzike kwanza. Wateja wanalalamika. Gitaa lako linawachoma masikio."

"Linawachoma? Tangu lini?"

"Tangu ile pedali mpya. Si nilimwambia Nathan wiki ya kwanza? Nikamwambia, mwambie mwenzio ashushe, hiyo sauti ni kama msumari kwenye bati. Akasema atakwambia." Felista aliweka koleo chini. "Hakukwambia?"

"Aliniambia," Chediel alisema. "Nilisahau."

Hakujua kwa nini alimkingia kifua. Njia nzima ya kurudi Ikungi alitafuta sababu za Nathan. Labda alimwonea huruma. Labda alitaka kumwambia akakosa mahali pa kuanzia. Mtu anaweza kukuficha jambo kwa upendo. Yeye mwenyewe alimficha Peniel. Alipofika nyumbani sababu hizo zilikuwa zimekaa vizuri kichwani, na hakumwambia Eliana kitu.

Kesho yake akaiweka pedali kwenye mfuko wa rambo, akaenda kwa Klara. Alitaka tu kuuliza kama ina ubovu.

Klara aliiunganisha, akachukua gitaa la dukani, akagusa uzi mmoja. Aliruka nyuma, akaizima.

"Yesu wangu! Nani kaweka trebo huku?"

"Pamewekewa alama."

"Na hii alama ni ya kazi gani? Hii ukiipandisha hivi inatoboa. Ingekaa saa tano, tena kwa shida, maana yenyewe ni kali tangu inatengenezwa." Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka, mimi siku ile nilishangaa sana. Ile ya njano ilikuwa inaongea mkononi mwako. Nilitaka kusema, nikaona mwenzio ndiye mtaalamu. Halafu aliporudi kuichukua ndiyo nikasema, aa, kumbe mlikuwa mnazitaka zote mbili."

Chediel alikuwa anamwangalia mdomo, kama alivyozoea siku hizo. Alidhani amekosea kusoma.

"Nani alirudi?"

"Mwenzio. Siku ileile, jioni, kabla sijafunga. Akachukua ya njano. Hukujua?" Klara alisita, akatoa simu yake. "Si ndiyo anayoipigia Dodoma? Watu wanarushiana."

Ilikuwa video fupi. Ukumbi wa hoteli, taa za bluu, vitambaa vyeupe mezani. Nathan alikuwa katikati ya jukwaa na gitaa la solo, si besi, na mguuni pake palikuwa na kisanduku cha njano. Sauti ya simu ilikuwa ndogo, na kwa Chediel ilikuwa karibu hakuna. Lakini hakuhitaji kusikia. Alitazama vidole. Kidole cha tatu kilipanda uzi wa pili, kikaupinda, kikautikisa, kikarudi nyuma hatua mbili na kusubiri kidogo kabla ya kushuka. Kile kituo kidogo ni chake. Alikitunga kwenye magunia, injini imezimwa, na Nathan ameketi pembeni yake anakula karanga.

Ulikuwa wimbo wa kweleakwelea.

"Kaka, nikupe maji?" Klara alisema.

"Hapana, dada. Asante." Alirudisha simu kwa mikono miwili, kama inayoweza kumwagika.

Hakupiga simu Dodoma. Alingoja. Mwisho wa mwezi wa saba Peniel alipita bandani akasema kwamba Nathan yuko Mkiwa kwa mama yake, amekuja kusaidia kupura mtama. Chediel alizima injini, akanawa mafuta mikononi, akapanda pikipiki. Alikuwa amepanga maneno. Yalikuwa mazito, na alikuwa ameyarudia mara nyingi hata akaogopa kwamba akiyasema atampiga.

Nathan hakuwepo uani. Alikuwepo mama yake, Damari, mwanamke mwembamba wa miaka sabini, anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu! Kaa hapo kivulini. Mwenzio yupo kwenye mtama, nitamwita. Lakini kwanza ule."

Hakukuwa na njia ya kukataa. Alikuwa anakula kwenye nyumba hiyo tangu akiwa na miaka kumi na moja. Aliletewa ugali wa uwele na mlenda, akanawa, akamega. Mama Damari alikaa karibu naye, akaanza kumsemesha Kinyaturu, polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kisha akageukia Kiswahili, na sauti yake ikawa kubwa kuliko kawaida.

"Mwanangu, nilikuwa nataka nikushukuru. Nathan kaniambia yote. Kwamba masikio yamekukatalia, na wewe mwenyewe ukamwambia, nenda, chukua nafasi yangu, mimi siwezi tena. Ukampa na nyimbo. Nikamwambia Nathan, hata ndugu wa tumbo moja hafanyi hivyo. Jumapili nilisimama kanisani nikaomba wakuombee masikio yako. Kanisa zima limekuombea."

Chediel alimega tonge jingine, akalimeza. Alilishusha kwa maji. Siri yake aliyoificha Mkiwa nzima ilikuwa imesomwa madhabahuni, na aliyeisoma alifanya hivyo kwa upendo.

"Asante mama," alisema.

Nathan alitokea nyuma ya nyumba, makapi ya mtama kwenye nywele. Aliposimama na kumwona, uso wake ulibadilika, ukajaribu kurudi.

"Ndugu yangu! Umefika lini?"

"Sasa hivi. Mama kanikaribisha chakula."

Walisalimiana mbele ya mama. Kazi, familia, alizeti mwaka huu. Kisha Chediel akasema anaomba wakaangalie mtama, na Mama Damari akafurahi kwamba vijana wake wanatembea pamoja.

Walisimama kwenye uwanja wa kupuria. Upepo ulikuwa mkali, kama kawaida ya mwezi huo. Maneno yote ya Chediel yalikuwa yamekwisha. Alibaki na moja.

"Ile ya njano ilikuwa nzuri?"

Nathan aliangalia chini. "Ilikuwa nzuri."

"Na kijani?"

"Ilikuwa mbaya. Uliona mwenyewe ilikuwa mbaya. Vidole vyako vilikuwa vinakwambia, nikakuona unaniangalia." Alikung'uta makapi. "Chediel, kama ungesema hapana mara moja tu, ningeacha. Nakuapia. Nilikuwa nangoja useme hapana."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Sisemi hivyo."

"Unasema."

Nathan alikaa kwenye gogo. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, na Chediel aliona mishipa ya shingo kabla hajasikia. "Miaka kumi na sita! Miaka kumi na sita nimesimama nyuma yako na besi. Nani anamtazama mpiga besi? Nilijua kila unachopiga. Nilikuwa nakipiga nyumbani, peke yangu, kwa gitaa la kuazima. Halafu anakuja mtu anataka mmoja tu, na Felista anasema mjiandae kumkosa Chediel. Hakuna aliyeuliza. Wewe una mashine. Una mke, una shamba la ekari tisa. Na masikio yako yanakwenda, hata ungekwenda Dodoma ungepiga miaka mingapi? Mimi nina nini?"

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Chediel alitaka kusema ndiyo. Alilitafuta neno hilo kwa uaminifu, akakuta halipo. "Sijui," alisema. "Pengine nisingekupa. Lakini ungeniomba, na mimi ningekuwa na rafiki ambaye ananiomba kitu."

Upepo ulipita. Nathan alifuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Nitakupa pedali. Ninayo hapa, iko kwenye begi. Nitamwambia Damiani ukweli. Nitakuletea mwenyewe nyumbani, nikuwekee—"

"Uniwekee wapi?" Chediel alisema. "Saa ngapi?"

Nathan aliokota bua la mtama, akalivunja vipande.

"Hilo ndilo ulilonitendea. Pedali nitapata nyingine. Wimbo umekwenda, nitatunga mwingine. Lakini sasa mtu yeyote akiniambia imekaa vizuri, nitajuaje? Eliana akiniambia, nitajuaje? Ulikuwa unanyanyua dole gumba huku mtoto wa watu analia, Nathan."

Hakungoja jibu. Alirudi uani, akamuaga Mama Damari kwa heshima zote, akakubali mfuko wa mtama aliopewa, akaufunga nyuma ya pikipiki. Hakumwambia mama ukweli. Aliwaza kumwambia, akaona kwamba mtu aliyemwombea kanisani hastahili kulipwa hivyo.

Usiku huo alimweleza Eliana yote, tangu kwa Klara mpaka kwenye gogo. Eliana alilia kwa hasira. Alisema hajawahi kumpenda Nathan, jambo ambalo halikuwa kweli, maana ndiye aliyekuwa anamwekea chakula akichelewa. Kisha akasema atajifunza. Angesimama mbele ya spika mwenyewe, wiki hadi wiki, mpaka ajue kali ni ipi na nzuri ni ipi.

Alijifunza kweli. Lakini miezi mitatu Chediel hakugusa gitaa, na alipoligusa, kila Eliana aliposema "Hapo," alimwuliza, "Una hakika?" Aliuliza mara ya pili, na ya tatu, mpaka siku moja mkewe akaweka chini kitambaa alichokuwa anashona, akamwambia, "Baba, mimi si Nathan." Aliomba radhi. Wiki iliyofuata aliuliza tena.

Mwezi wa kumi na moja Felista akamwita. Chediel alikwenda na Peniel na kijana mmoja wa Issuna aliyejua besi. Kabla ya kuanza aliinama kwenye maikrofoni akawaambia watu waliokuwepo, madereva na wauza vitunguu na akina mama, kwamba yeye hasikii trebo. Aliona Peniel anageuka kumtazama. "Nitazungusha hiki kitufe," alisema. "Ikiwachoma nyanyueni mikono. Ikiwa sawa shusheni." Wakacheka, wakadhani ni mzaha, kisha wakaona si mzaha. Mikono ilinyanyuka mingi, ikashuka mmoja mmoja. Mzee mmoja wa mwisho alibaki na mkono juu peke yake, na Chediel alishusha kidogo tena mpaka na huyo akaridhika. Ilikuwa pedali ileile ya kijani. Haikuwa nzuri, ila ilivumilika, na alipiga saa mbili.

Watu walipiga makofi. Aliyaona makofi mengi. Lakini wimbo wa kweleakwelea hakuupiga. Kijana wa besi aliuomba, akasema ameusikia kwenye video ya Dodoma. Chediel akamwambia huo ni wa watu wengine.

Mwaka uliofuata, msimu wa alizeti, basi la Dodoma lilisimama mbele ya banda ili abiria wanunue mafuta. Nathan alishuka nalo. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa shati zuri. Banda lilikuwa limejaa, wateja wamepanga magunia mpaka barabarani, na mashine ilikuwa inakula.

"Habari za siku nyingi," Nathan alisema.

"Nzuri. Za Dodoma?"

"Nzuri. Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Anakusalimu sana. Naomba lita tano."

Chediel alimpimia lita tano, akafunga kifuniko, akapangusa dumu kwa tambara. Alipokea hela, akashukuru. Aliongea naye kama anavyoongea na abiria yeyote, kwa adabu, na adabu hiyo ilimwuma kuliko alivyotazamia.

Nathan hakuondoka. Honi ya basi ilipiga. Chediel aliiona kwa jinsi abiria walivyogeuka. Nathan alisogea karibu na mashine, akaanza kusema jambo. Halikuwa fupi. Alikuwa anasema huku anamtazama, anasimama, anaendelea, na injini ilikuwa inanguruma kati yao. Kama Chediel angemwangalia mdomo angelielewa lote.

Aliinama, akachukua debe la alizeti, akalimimina mashineni. Alichukua la pili. Alipoinua kichwa, basi lilikuwa linaingia barabarani.